Gitaa Lina Rangi Tatu, Jua Limekula Moja: Namna ya Kusoma Sanibasti za Zamani

Miaka kumi na moja iliyopita nilimwambia mteja jambo lisilo kweli kuhusu gitaa lake, tena nililisema kwa uhakika wote. Alileta Stratocaster ya zamani, gitaa la umeme la kampuni ya Fender, kwenye karakana ninayofanyia kazi hapa Grand Rapids, Michigan. Kwa mbele rangi zilikuwa mbili tu: njano iliyokolea katikati, kama nyama ya embe dodo, na kahawia nyeusi pembeni. Ubao wa vidole ulikuwa wa mbao ya rosiwudi. Mimi nilikuwa nimeshakariri kwamba Fender walipiga sanibasti, yaani rangi ya kivuli cha kingoni, ya rangi mbili mpaka 1958, na kwamba Stratocaster zilianza kuvishwa rosiwudi katikati ya 1959. Nikajumlisha haraka: bodi ya kabla, shingo ya baada, basi shingo si yake. Yule bwana alikuwa amelirithi kutoka kwa kaka yake. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama ingefaa auze bodi kivyake na shingo kivyake.

Mzee aliyekuwa ananifundisha kazi alisikia yote kutoka meza ya pili. Hakunigombeza. Alichukua bisibisi, akalegeza nyuzi, akafungua skrubu kumi na moja na kuinua lile bamba la plastiki la mbele. Chini yake, kuelekea kwenye pembe, palikuwa na utepe mwekundu kama pilipili iliyoiva mtini. Gitaa lilikuwa la rangi tatu tangu siku lilipotoka kiwandani. Alipoitoa shingo, kisiginoni mwake palikuwa na tarehe ya penseli ya 1959. Shingo ilikuwa yake, bodi ilikuwa yake, na maneno yangu ndiyo yaliyokuwa hayana mahali.

Nayaandika haya kwa sababu kila mwezi napokea picha kutoka kwa Waswahili walioko Marekani, Uingereza na hata nyumbani, wakiniuliza, "Fundi, hii rangi ni ya mwaka gani?" Swali lenyewe linahitaji kugeuzwa kwanza. Rangi unayoiona kwa mbele ni ile iliyobakizwa na jua. Mwaka unausoma mahali ambapo jua halikufika, na unausoma kwa kujua fundi wa wakati ule alipaka nini juu ya nini.

Sanibasti, kwa asiyeijua, ni ule upakaji ambao katikati ya gitaa huachwa pang'ae na kingo hutiwa kivuli hatua kwa hatua, kama anga wakati wa magharibi. Ni kazi niliyoijua kabla sijaligusa gitaa lolote. Nilianzia Keko, Dar es Salaam, kwenye fanicha. Tulipuliza makabati na vichwa vya vitanda kwa kompresa, tukikoleza pembeni ili katikati ya mbao pavutie macho na maungio yajifiche. Magitaa yalirithi ujanja huohuo kutoka kwenye fidla za kale. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Gibson, kampuni nyingine ya magitaa ya Marekani, waliita kahawia yao ya kivuli Cremona, jina la ule mji wa Italia uliosifika kwa mafundi wa fidla. Ninapoitazama sanibasti naiona kwanza kama mpuliza rangi: mkono ulianzia wapi, ulisita wapi, tabaka lipi liko chini.

Na matabaka ndiyo mwanzo wa somo. Kwenye Fender ya rangi tatu njano ndiyo iliyotangulia, ikafuata nyekundu, kisha ile kahawia nyeusi ya kingoni, na juu ya zote ikapulizwa laka angavu ya nitroselulosi, ile ambayo mafundi wa nyumbani wangeiita klia. Kila tabaka lina tabia yake mbele ya mwanga. Nyeusi haitikisiki. Njano huvumilia. Nyekundu za zamani, nyingi zikiwa za anilini, aina ya rangi ya kemikali, hupauka haraka kuliko zote. Laka angavu nayo huenda upande wa pili kabisa: haipauki, inageuka njano kadiri inavyozeeka, ndiyo maana plastiki nyeupe iliyoko chini ya laka huonekana kama samli. Kwa hiyo gitaa la miaka sitini lina miendo miwili inayopishana, wekundu unaondoka huku unjano ukiongezeka. Ukilielewa hilo umeshaelewa nusu ya kazi.

Sasa tuingie kwenye utazamaji wenyewe.

Anza na mwanga. Usihukumu rangi chini ya balbu ya njano wala usiku. Litoe gitaa kwenye kivuli cha baraza mchana, au karibu na dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja. Weka karatasi nyeupe ya kawaida kando yake. Simu zetu hurekebisha rangi zenyewe bila kuuliza, na picha ya gitaa juu ya zulia jekundu itatoka tofauti kabisa na ya gitaa hilohilo juu ya shuka la buluu. Karatasi ikionekana nyeupe kwenye picha, rangi za gitaa ziko karibu na ukweli. Anayenitumia picha bila karatasi humwomba apige upya, na hata kama anaona namsumbua, sijutii.

Kisha litazame gitaa zima kabla hujashika bisibisi. Je, limefifia upande mmoja kuliko mwingine? Gitaa lililotundikwa miaka mingi karibu na dirisha la duka hupauka uso huku ubavu na mgongo vikibaki na rangi yake. Lililokaa kwenye kesi chini ya kitanda hubaki bichi kila upande. Kama mbele pamepauka sana na ubavuni wekundu bado upo, hiyo ni habari njema, maana jua ndilo linalofanya kazi ya namna hiyo. Kama kila upande umepauka sawasawa, mpaka ndani ya mikunjo, weka alama ya kuuliza kichwani na uendelee.

Baada ya hapo ndipo unafungua. Kwenye Stratocaster legeza nyuzi zote, usizikate zikiwa zimekaza. Skrubu za bamba ni nane kwenye za miaka ya 1950, na kumi na moja kuanzia mwaka 1959 walipoingiza bamba la matabaka matatu. Mimi huchora umbo la bamba kwenye kipande cha boksi na kuichomeka kila skrubu mahali pake, kwa sababu skrubu iliyozoea tundu lake haipendi tundu la jirani. Inua bamba taratibu, pikapu, yaani vinasa sauti, zimeshikwa humohumo na nyaya zinakwenda kwenye tundu la kuchomekea waya na kwenye springi za nyuma. Usiyeyushe risasi ya kulehemu hata tone moja. Maungio ambayo hayajaguswa ni ushahidi, na mnunuzi anayejua ataangalia hapo kabla ya kuangalia rangi. Yale mabamba ya matabaka matatu ya miaka ile ni ya seluloidi, yamesinyaa na kugeuka kijani kwa mbali, na hupasuka kwenye matundu ukiyapinda. Shika kwa mikono miwili.

Sasa umefika mahali ambapo jua halikuwahi kufika.

Stratocaster ilianza kuuzwa 1954, kwa dola 249.50 ikiwa na mkono wa kutetemesha sauti, na sanibasti yake ilikuwa ya rangi mbili. Bodi ilikuwa ya ashi, mbao yenye mistari mipana na vinyweleo vikubwa. Ukiikagua utaiona mistari hiyo ikikimbia chini ya njano. Katikati ya 1956 walihamia kwenye mbao nyingine, alda, kwa magitaa ya sanibasti, na ashi wakaibakizia rangi ile nyeupe ya maziwa inayoonyesha mbao. Alda imetulia, mistari yake ni ya kimyakimya. Kwa hiyo rangi mbili juu ya ashi na rangi mbili juu ya alda hazitoki kipindi kimoja, hata kama kwa mbali zinafanana. Ile Stratocaster ya mpiga gitaa Eric Clapton iliyopewa jina Brownie, iliyonadiwa New York mwaka 1999, ni ya 1956 na ya rangi mbili. Ukitaka kujizoesha macho kwa rangi ya kipindi hicho, picha zake zimejaa kila mahali.

Mwaka 1958 ukaingia wekundu, na hapa ndipo wengi tunapoteleza kama nilivyoteleza mimi. Nyekundu ya mwanzo ilikuwa dhaifu. Magitaa mengi ya 1958 na 1959 yaliyokaa kwenye mwanga yamerudi kuonekana ya rangi mbili. Utambuzi ni huu: kwenye gitaa lililozaliwa na rangi mbili, njano inaingia moja kwa moja kwenye kahawia, na chini ya bamba ni vilevile. Kwenye gitaa lililopoteza wekundu, mpaka kati ya njano na nyeusi una utepe wa rangi ya asali au kaharabu, mpana kidogo, kana kwamba kuna kitu kilikaa hapo kikahama. Ukishauona mara tatu hutausahau. Na chini ya bamba utaukuta wekundu wenyewe umelala salama. Usiishie kwenye bamba. Kifuniko cha springi mgongoni huziba sehemu ya katikati, hapo hutaona mengi. Lakini kibati cha kuchomekea waya na ukingo wa mahali shingo inapokaa huhifadhi vipande vidogo vizuri sana.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 walipata nyekundu iliyovumilia zaidi, na sanibasti za miaka hiyo ndizo ninazozipenda kuliko zote. Njano bado ni rangi ya kupenya: bodi za alda zilizamishwa kwenye rangi hiyo, kwa hiyo mbao inaonekana na unjano unaingia hadi ndani ya mashimo ya pikapu. Wekundu ni wa kung'aa, na mpito kati ya rangi na rangi ni laini mno. Stratocaster ya mpiga gitaa Rory Gallagher, ya 1961, ilitoka hapo. Aliinunua Cork, Ireland, mwaka 1963, na kwa miaka ya jasho na safari sanibasti yake karibu yote ikadondoka, ikabaki mbao tupu na visiwa vichache vya rangi. Ninapowaeleza vijana namna nitroselulosi ilivyo nyembamba huwaonyesha gitaa hilo. Laka ya namna hiyo hulika kama sabuni.

Karibu na 1963 ikaingia sila ngumu iliyoitwa Fullerplast, tabaka linaloziba mbao kabla ya rangi. Baada ya kuzibwa, mbao hainywi tena, na hatua inayofuata inaeleweka na mpuliza rangi yeyote: njano inaanza kupulizwa juu, badala ya kuzamishwa. Kufikia 1964 na 1965 njano hiyo ina weupe ndani yake, ni ya kufunika, haionyeshi mbao vizuri, na wekundu umekuwa utepe mkali wenye mipaka unayoweza kuifuata kwa kidole. Wenyeji wa biashara hii huilinganisha na shabaha ya kulengea. Wengi huwalaumu CBS, kampuni ya utangazaji ya Marekani, walioinunua Fender Januari 1965, lakini mabadiliko yalishaanza kabla hati hazijasainiwa. Mimi sioni kama ni ubaya wa watu. Njano ya kufunika inakuwezesha kutumia mbao zisizofanana, na mbao zisizofanana ndizo nyingi. Lakini jicho langu halivutwi nayo kama ile ya 1961. Ile Stratocaster ambayo mwanamuziki Bob Dylan alipanda nayo jukwaani kwenye tamasha la Newport mwaka 1965 ni sanibasti ya 1964, na mwaka 2013 ilinadiwa kwa dola 965,000.

Mwaka 1968 wakahamia poliesta, laka ya plastiki. Hapa kazi ni nyepesi. Poliesta ni nene, ngumu, inabanduka kwa vipande kama kioo, haichanikichaniki kwa nyufa nyembamba kama nitroselulosi. Kichwa cha shingo kwa mbele kiliendelea kupakwa laka ya zamani, ndiyo maana kwenye magitaa mengi ya mwisho wa 1960 na ya 1970 utaona kichwa kina rangi ya asali huku shingo nyuma ikiwa bado nyeupe. Watu hudhani kichwa kimepakwa upya. Hapana, ndivyo kilivyo. Sanibasti za miaka ya 1970 zina nyeusi pana na katikati pakali, mara nyingi juu ya ashi tena, na hazifanani na kitu chochote cha kabla yake.

Ukiwa bado umefungua, tafuta misumari. Mpaka karibu mwisho wa 1964 mafundi wa Fender walipigilia misumari midogo mitatu au minne kwenye uso wa bodi, ili ikae juu ya misumari hiyo rangi ikikauka. Msumari uling'olewa baada ya rangi, kwa hiyo tundu lake halali ni dogo, kavu, na ndani yake hakuna rangi. Tundu lenye rangi ndani linasema bodi ilipakwa tena. Bodi ya 1960 isiyo na tundu hata moja nayo inasema jambo, pengine ilisuguliwa kwa msasa, ikazibwa na kupakwa. Kuanzia kama 1962 au 1963 kuna dalili nyingine kwenye mfuko wa shingo: alama ndefu isiyo na rangi, mahali kijiti cha kuishikia bodi kilipofungwa wakati wa kupuliza. Vitu hivi vidogo vimeniokoa mara nyingi kuliko rangi yenyewe, maana anayepaka upya hukumbuka kuiga rangi, ila misumari huisahau.

Haya, Gibson. Kalamazoo, mji wa kiwanda chao cha zamani, iko kama kilomita themanini kusini mwa ninapokaa, na bomba la moshi la matofali la kiwanda cha zamani nimesimama chini yake mara kadhaa, si kwa sababu ya kazi, ila kwa mapenzi tu. Hapo ndipo Les Paul Standard, magitaa ya umeme ya Gibson, za sanibasti zilipopulizwa, kuanzia 1958 hadi 1960. Kabla ya hapo Les Paul ilikuwa ya dhahabu, na rangi ya dhahabu inaficha kila kitu. Walipoamua kuionyesha mbao ya mepuli iliyo juu ya mahogani, wakatia njano, kisha wekundu wa kivuli pembeni, na wekundu mwingine kwenye puti ya mgongoni. Zile zilizotengenezwa miaka hiyo mitatu hazifiki elfu mbili. Wakati wake hazikuuzika vizuri. 1961 umbo likabadilishwa kabisa.

Na wekundu wao ulikuwa dhaifu kama wa Fender, pengine zaidi. Ndiyo sababu leo wakusanyaji wa Marekani wana majina mengi ya vyakula kwa gitaa ambalo kiwandani lilikuwa na rangi moja. Lililopoteza wekundu wote na kubaki njano huliita ndimu. Lililobaki na kahawia ya dhahabu huliita asali. Lenye kahawia ya kupauka huliita chai, nami kila nikiliona naiona chai ya rangi kwenye glasi, saa kumi jioni. Majina haya si miaka! Nimekutana na mtu aliyeniambia kwa ukali kwamba "asali ni ya 1958 na ndimu ni ya 1959". Magitaa mawili yaliyopulizwa wiki moja, moja likauzwa kwa mtu wa dirishani na jingine kwa mtu wa kesi, leo yana majina mawili tofauti. Isitoshe mkono wa mpulizaji nao haukuwa mashine: kivuli kimoja ni chembamba, kingine kimeingia hadi karibu na pikapu.

Mabadiliko ya kweli ya kiwandani ni moja. Katikati ya 1960 walibadilisha nyekundu wakapata isiyopauka, nzito, yenye uchungwa ndani yake, ambayo watu huilinganisha na supu ya nyanya. Hiyo ukiiona kwenye gitaa lenye shingo nyembamba, na namba ya wino nyuma ya kichwa ikianza na 0, mambo yanaitikiana. Kwa 1958 na 1959 rangi peke yake haitakupa mwaka. Namba ya wino inaanza na 8 au 9, shingo ya 1958 kwa kawaida ni nene zaidi mkononi, na hizo ndizo za kuuliza kwanza.

Namna ya kutafuta rangi ya asili kwenye Les Paul: fungua skrubu za fremu ya pikapu ya daraja, nne tu, na uisogeze kidogo. Angalia pia chini ya kile kiduara cha plastiki kwenye swichi. Kule utakuta alama iliyokoza kuliko pembezoni mwake. Bamba la kuzuia mikwaruzo halilali juu ya mbao, limenyanyuliwa, kwa hiyo kivuli chake huwa na kingo zisizo kali. Kama gitaa liliwahi kufungwa mkono wa kutetemesha sauti wa Bigsby kisha ukaondolewa, umbo lake hubaki limechorwa kwenye rangi kama kivuli cha mtu ukutani. Usizifungue pikapu zenyewe. Vifuniko vyake vimelehemewa na havihusiani na rangi.

Na sasa jambo ambalo ningeomba ulishike kuliko mengine yote katika upande huu wa Gibson. Kama uso umepauka kuwa ndimu, lakini chini ya fremu nako ni ndimu ileile, hakuna tofauti hata ya kucha, basi mwanga haukuifanya kazi hiyo. Ama rangi ilipulizwa ikiwa imepauka tayari, kama yanavyofanywa magitaa mapya ya kuiga ya zamani, ama uso ulipakwa upya na mtu aliyeiga mpauko. Inawezekana pia fremu ilikaa nje ya gitaa kwa miaka, kwa hiyo usimtuhumu mtu papo hapo. Uliza historia yake.

Hapo ndipo tochi ya urujuanimno inapoingia, ile wanayokagulia noti. Zima taa, funga mapazia, pitisha tochi taratibu. Laka ya zamani ya nitroselulosi hung'aa kwa unjano wa kijani hafifu, kama ukungu. Laka mpya haing'ai hivyo. Mahali palipopuliziwa baadaye hujitokeza kama doa la giza lenye kingo, hata kama mchana rangi inalingana kabisa. Tazama hasa kwenye maungio, nyuma ya shingo, na kandokando ya matundu ya skrubu. Mara ya kwanza nilipoitumia niliona mkono mzima wa fundi wa zamani: alipuliza kutoka kushoto, akafika katikati, bomba likatema matone.

Hukumu isitoke kwa rangi peke yake. Kwenye potensiomita, ambazo wengi wetu huziita volumu, kuna namba zilizogongwa: 304 ni Stackpole, 137 ni CTS, 134 ni Centralab, na zinazofuata ni mwaka na wiki. Kwa mfano 304 6320 ni wiki ya 20 ya 1963. Gitaa haliwezi kuwa limekamilika kabla ya kifaa chake, ila linaweza kuwa limekamilika miezi mingi baadaye, kwani viwanda vilinunua kwa wingi. Kwenye Fender kuna tarehe ya kisigino cha shingo, ya penseli mwanzoni, ya mhuri kuanzia 1962. Panga rangi, mbao, misumari, potensiomita na shingo kando kwa kando. Vinne vikisema 1959 na rangi ya mbele ikasema 1957, vile vinne ndivyo vya kusikilizwa.

Wako watakaokuomba uurudishe wekundu. Mimi huwa nakataa, na huwaeleza sababu. Kupaka upya hukata karibu nusu ya bei kwa wanunuzi wengi, lakini si hilo linalonizuia zaidi. Ni kwamba ule mpauko wenyewe ni wa gitaa hilo peke yake, na ukishasuguliwa kwa msasa hakuna fundi duniani wa kuurudisha. Usijaribu pia kupima laka kwa tina au asetoni, hata kwa pamba yenye tone moja. Kweli nitroselulosi itayeyuka na poliesta haitayeyuka, na utakuwa umeshajua jibu huku umeharibu gitaa.

Kwa kulitunza: liondoe mbele ya dirisha. Stendi zenye mpira na mikanda ya vinili huyeyusha laka ya zamani polepole, zifunge kwa kitambaa cha pamba. Ukilitoa kwenye baridi kali, kama Januari ya huku kwetu, acha kesi imefungwa ndani ya nyumba kwa saa kadhaa kabla ya kuifungua, la sivyo laka itapasuka nyufa mbele ya macho yako. Walioko pwani wana adui mwingine, jasho na chumvi ya hewa. Futa kwa kitambaa laini kikavu kila unapomaliza kupiga.

Kabla hujalifunga, piga picha kila ulichokiona: utepe mwekundu, matundu ya misumari, namba za potensiomita, penseli ya kisigino, zote zikiwa na karatasi nyeupe kando. Zichapishe kabisa, usiziache kwenye simu, na uziweke ndani ya kesi. Mzee wangu alifanya hivyo kwa ile Stratocaster ya mwanzo. Mwaka jana binti wa yule bwana aliileta kubadilishiwa nyuzi, na alikuwa na mnunuzi anayetaka kujua kama shingo ni ya asili. Nilifungua mfuko wa kesi, nikamkabidhi picha ya wekundu na picha ya penseli, nikabadilisha nyuzi sita. Sikuhitaji kugusa skrubu hata moja.